'Correo', 'carta' au 'letra'? Neno moja la Kihispania laweza kumgharimu mfanyabiashara

MFANYABIASHARA wa minofu ya sangara aliyeko Mwanza, Kisumu au Entebbe anaweza kuuza mzigo Hispania kwa miaka kadhaa bila kujua Kihispania zaidi ya "hola" na "gracias". Bei hupatanwa kwa Kiingereza, picha hutumwa kwa WhatsApp, na fedha huingia benki. Ni hivyo hivyo kwa muuzaji wa parachichi wa Njombe au Murang'a, na kwa anayepakia kahawa kutoka miteremko ya Mlima Elgon.

Lakini biashara ikishakomaa, au ikishaingia mgogoro, karatasi zinazofika mezani huwa za Kihispania. Mteja anaomba hati zitumwe "por correo". Msafirishaji analeta "carta de porte". Mwanasheria wa upande wa pili anatuma "burofax". Na wakati mwingine inafika karatasi iliyoandikwa "letra", yenye nafasi ya kutia saini.

Kwa Kiswahili, shughuli nzima hubebwa na maneno mawili tu, posta na barua. Kihispania kimegawa kazi hiyo kwa maneno zaidi ya sita, na kila moja lina wajibu wake. Anayeyachanganya anaweza kuacha kontena bandarini, au kukubali deni akidhani amekiri tu kupokea barua.

Correo ni njia, carta ni karatasi

Tofauti ya kwanza ni rahisi na ndiyo inayokosewa zaidi. "Correo" ni njia au huduma inayobeba barua. "Carta" ni barua yenyewe, karatasi iliyoandikwa na kutiwa kwenye bahasha. Mtu huandika "una carta" kisha huituma "por correo".

"Correos", kwa wingi, ni jina la shirika la posta la Hispania, lenye masanduku ya njano yaliyochorwa pembe na taji. Kwa hiyo mteja wa Valencia akisema "está en Correos", anamaanisha mzigo uko ofisi ya posta na mtu anatakiwa aende kuuchukua. Nchini Argentina shirika lao huitwa Correo Argentino, kwa umoja.

"Correspondencia" ni neno la ofisini. Linajumlisha barua zote zinazoingia na kutoka, hasa za kampuni. Mkataba ukisema "toda la correspondencia" itumwe anwani fulani, agizo hilo linagusa kila barua ya biashara hiyo, hata ile ya mistari miwili. Mgeni asishangae akilikuta pia kwenye treni za chini ya ardhi za Madrid, maana huko hutumika kwa vituo ambapo abiria hubadilisha njia.

"Carta" nalo lina maana nyingine za mtaani. Mgahawani, anayeomba "la carta" anataka orodha ya vyakula. Kwenye meza ya karata, "cartas" ni karata. Muktadha ndio unaoamua.

'Un correo' na 'por correo' si kitu kimoja

Hapa ndipo fedha zinapoanza kupotea. Barua pepe kwa Kihispania ni "correo electrónico", lakini watu wengi wamelikata na kubaki na "correo" peke yake. Mteja akiandika "mándeme un correo", anataka barua pepe. Akiandika "mándemelo por correo", mara nyingi anamaanisha posta, yaani karatasi isafiri.

Kitu pekee kinachotofautisha sentensi hizo kwa macho ya mgeni ni vineno vidogo, "un" na "por". Lakini mteja akisema "envíe los originales por correo", anaomba hati halisi zenye saini na mhuri. Nakala ya PDF, hata ikifika kwa sekunde mbili, haitoshi.

Hati inayohusika zaidi ni "conocimiento de embarque", hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli. Pale inapotolewa kwa nakala asilia za kukabidhiwa, mpokeaji huhitaji nakala hiyo mkononi ndipo aruhusiwe kuchukua mzigo bandarini. Karatasi isipofika, kontena la parachichi hubaki Algeciras au Valencia likilipiwa gharama za kukaa bandarini, na tunda halisubiri. Hali ni ile ile kwa mzigo unaohitaji "certificado fitosanitario", cheti cha afya ya mimea, au "certificado de origen", cheti cha uasili wa bidhaa, pale inapotakiwa karatasi yenyewe.

Kwa hati za namna hiyo, wengi huepuka posta ya kawaida na kutumia "mensajería", yaani kampuni za vifurushi zinazopeleka mlango kwa mlango. Neno hilo linafanana na "mensaje", ujumbe, na mgeni anaweza kudhani ameombwa atume ujumbe wa simu. "Por mensajería" maana yake mpe mtu wa vifurushi, upate namba ya kufuatilia mzigo.

Swali moja la kuuliza kabla ya kutuma huondoa utata wote: "¿En papel o en PDF?" Yaani kwa karatasi au kwa PDF?

Letra si barua

Mtu anayejua Kiingereza au Kifaransa akiona "letra", kichwani humjia barua. Hapo ndipo mtego ulipo. Kwa Kihispania "letra" kwanza ni herufi. Pia ni mwandiko, na ni maneno ya wimbo. Kwenye biashara, ni deni.

"Letra de cambio" ni hati ambayo anayedai huandika amri kwamba kiasi fulani kilipwe siku fulani. Anayedaiwa akiweka saini yake kwenye sehemu ya kukubali, yenye neno "acepto" au "aceptación", amejifunga kulipa. Nchini Hispania hati hii inasimamiwa na Sheria namba 19 ya mwaka 1985 kuhusu hati hizo na hundi, na mdai asiyelipwa ana njia ya haraka ya kwenda mahakamani iitwayo "juicio cambiario".

Uzito wa hati hii ni kwamba inaweza kuhamishwa. Aliyeipokea anaweza kumpa mtu mwingine au benki, na siku ya malipo mfanyabiashara akajikuta anadaiwa na mtu ambaye hajawahi kufanya naye biashara. Kumweleza mdai huyo mpya kwamba bidhaa zilifika zimeharibika huenda kusisaidie.

Jamaa yake wa karibu ni "pagaré", ahadi ya kulipa inayoandikwa na mdaiwa mwenyewe. Hilo nalo si barua ya shukrani.

Neno hilo hilo lina matumizi mengine yasiyo na hatari. Kwenye fomu na hundi, sehemu iliyoandikwa "importe en letra" inataka kiasi kiandikwe kwa maneno, kama vile hundi za kwetu zinavyotaka. Na Mhispania anayelalamika kwamba bado analipa "las letras del coche" anazungumzia malipo ya kila mwezi ya gari.

Carta zinazobeba mzigo na fedha

Kuna "carta" ambazo hakuna mtu anayeziandika ili zisomwe nyumbani. "Carta de porte" ni hati ya mzigo unaosafirishwa kwa barabara, na "carta de porte aéreo" ni ya ndege, ambayo ndiyo husafiri na minofu mibichi ya samaki. Ndani yake humo majina matatu yanayofaa kukaririwa. "Remitente" au "expedidor" ni mtumaji. "Destinatario" au "consignatario" ni mpokeaji. "Porteador" ni msafirishaji.

Chini ya majina hayo hukaa maneno yanayoamua nani atoe fedha za usafiri. "Portes pagados" maana yake mtumaji amekwisha kulipa. "Portes debidos" maana yake mpokeaji atalipa mzigo ukifika. Mnunuzi wa Nairobi au Kigali anayeagiza vipuri kutoka Bilbao na kukuta "portes debidos" kwenye hati ajue bado anadaiwa nauli, hata kama bei ya vipuri imeshalipwa yote.

"Carta de crédito" ni nyingine. Ukiitafsiri neno kwa neno utapata "barua ya mkopo", na hiyo ingempeleka mtu kwenye dirisha la mikopo bila sababu. Ni ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba muuzaji atalipwa akileta hati zinazotakiwa, zikiwa sahihi. Benki za Hispania huiita pia "crédito documentario". Kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara zinazotumika duniani kote kwa malipo haya, zilizoanza kazi Julai 1, 2007, zinaipa benki siku 5 za kazi tu kukagua hati.

Benki hukagua karatasi, haikagui samaki. Kwa hiyo jina la kampuni likikosa kulingana, au maelezo ya bidhaa kwenye ankara yakipingana na yale ya hati ya benki, malipo yanaweza kukataliwa ingawa mzigo ni mzima. Maneno ya Kihispania yaliyomo kwenye hati ya benki yanakiliwe kama yalivyo, na yasibadilishwe kwa kudhani kwamba mengine yana maana ile ile.

Albarán, aduana na tarifa

Mswahili ana msaada mmoja ambao wageni wengine hawana. Waarabu walikaa kusini mwa Hispania kwa karne nyingi, na lugha yao iliacha maneno mengi sokoni na forodhani. Pwani ya Afrika Mashariki nayo iliyachota kwenye kisima hicho hicho.

"Aduana", ofisi ya forodha, limetokana na neno la Kiarabu lililotupa "diwani". "Tarifa", orodha ya bei au viwango vya malipo, ni ndugu wa "taarifa". Ndugu hawa wamekua tofauti, kwa hiyo mteja akiomba "la tarifa", apelekewe bei. Akitaka maelezo atasema "información".

"Albarán" ni karatasi inayokabidhiwa pamoja na mzigo na kutiwa saini na anayeupokea. Nalo lilitoka Kiarabu, kama lilivyotoka "barua". Lakini "albarán" si barua, na mahali pa kusaini panastahili jicho kali. Neno "recibí" lina maana ya "nimepokea". Neno "conforme" lina maana ya kukubali kwamba mzigo uko kama ulivyoagizwa. Makatoni yakiwa yamelowa au hesabu ikipungua, dereva wa lori au mtunza ghala aandike kasoro hiyo kwenye karatasi kabla ya saini. Madai yanayokuja baada ya "conforme" tupu huwa magumu kuthibitisha.

Barua inayotangulia mahakama

Barua ya kawaida ni "carta ordinaria". Barua ya rejista ni "carta certificada". Ikiongezwa "con acuse de recibo", mpokeaji hutia saini na mtumaji hurudishiwa uthibitisho huo. Aliyetuma madai yake kwa njia hii ana ushahidi kwamba yalifika, na tarehe yake.

Juu ya hizo iko "burofax". Ni huduma inayotumika sana Hispania kwa madai rasmi, kama kuvunja mkataba, kudai deni au kumpa mtu siku za mwisho. Ikiombwa na uthibitisho wa maandishi, posta huhifadhi na kuthibitisha yaliyoandikwa, si tu kwamba kuna bahasha ilipelekwa. Nchini Argentina kazi ya namna hiyo hufanywa na "carta documento".

Kampuni ya Afrika Mashariki yenye wakala au tawi Hispania ikipokea burofax, isiichukulie kama tangazo. Kwa kawaida mtumaji ameshaongea na mwanasheria, na siku zilizotajwa ndani zimeanza kuhesabika. Jibu nalo lipelekwe kwa njia yenye ushahidi, maana "nilimpigia simu" haina karatasi.

Anwani ya Mhispania

Bahasha nyingi hupotea kwa sababu mtumaji "amesahihisha" anwani asiyoielewa. "C/" ni kifupi cha "calle", mtaa. "Avda." ni barabara kubwa. "Izda." ni kushoto na "dcha." ni kulia, kwa ajili ya mlango wa ghorofani. "S/n" ni "sin número", jengo lisilo na namba, wala si kosa la kujazwa.

Wafanyabiashara hukutana zaidi na "Pol. Ind.", eneo la viwanda, na "nave". Neno "nave" ni chombo cha majini, lakini kwenye anwani ya viwandani ni ghala. Mzigo ulioandikwa "nave 14" unakwenda ghala namba 14, na wakala hana haja ya kutafuta meli.

Namba ya posta, "código postal", ina tarakimu 5 na huandikwa kabla ya jina la mji. Mbili za mwanzo huonyesha jimbo: 28 ni Madrid, 08 ni Barcelona, 46 ni Valencia, 04 ni Almería. Sifuri ya mwanzo ni sehemu ya namba. Kompyuta ikiifuta kwenye jedwali, anwani ya Barcelona imeharibika.

Kila nchi na neno lake

Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, na msamiati wa posta hubadilika ukivuka mpaka. Stempu ni "sello" Hispania, "estampilla" sehemu kubwa ya Amerika Kusini, na "timbre" Meksiko. Lakini Mhispania akisikia "timbre" hufikiri kengele ya mlangoni. Kifurushi ni "paquete" Hispania. Nchi nyingi za Amerika Kusini husema "encomienda".

Sanduku la posta ni "apartado de correos" Hispania, "apartado postal" Meksiko, na "casilla" Chile na Argentina. Kifupi cha "apartado" ni "Apdo.", na kwa msomaji aliyezoea S.L.P. hilo ni jambo la nyumbani.

Barani Afrika, nchi yenye Kihispania kama lugha rasmi ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania Oktoba 12, 1968. Makubaliano ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, yaliyotiwa saini Kigali Machi 2018, yanazileta Malabo na Bata kwenye soko moja na Kampala, Bujumbura na Dar es Salaam. Kwenye orodha ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika, Kihispania na Kiswahili zimo zote mbili. Mfanyabiashara wa kanda hii hahitaji kuvuka Mediterania ndipo akutane na "aduana" na "apartado".

Kuandika kwa heshima, kusoma kwa tahadhari

Barua ya biashara huanza na "Estimado señor" au "Estimada señora", likifuatiwa na jina la ukoo na nukta pacha, si mkato. "Querido" ni la ndugu na wapenzi. Mahali pa "YAH" huandikwa "Asunto". Kiambatisho hutajwa kwa "le adjunto", kwa mfano "le adjunto la factura", nakuambatishia ankara. Mwisho hufungwa kwa "Atentamente" au "Saludos cordiales". Mteja mpya aitwe "usted", neno la heshima, mpaka yeye mwenyewe alegeze na kuanza kutumia "tú".

Wanaokwenda kwenye maonyesho ya matunda ya Fruit Attraction mjini Madrid, au yale ya samaki ya Seafood Expo Global yaliyohamia Barcelona mwaka 2022, hutajiwa anwani za barua pepe kwa mdomo. Alama ya @ huitwa "arroba". Zamani hicho kilikuwa kipimo cha uzito, robo ya "quintal", na asili yake ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa "robo". "Punto" ni nukta, "guion" ni kistari, na "guion bajo" ni kistari cha chini. Herufi ñ kwa kawaida huachwa kwenye anwani hizo, hivyo Peña huandikwa "pena".

Wezi wa mtandaoni hutumia tofauti ndogo za aina hiyo. Barua pepe inayotaja "nuevo número de cuenta", namba mpya ya akaunti, isilipiwe kabla ya kumpigia mteja kwa namba ya simu iliyokuwapo tangu zamani. Akaunti ya Hispania huanza na ES na ina herufi na tarakimu 24 kwa jumla. Hata ikitimia hesabu hiyo, simu bado ipigwe, maana mwizi naye anaweza kuwa na akaunti Hispania.

Na karatasi yoyote yenye nafasi ya saini ipitie kwa mtu anayesoma Kihispania kabla ya kalamu kugusa. Malipo ya mfasiri kwa ukurasa mmoja ni kidogo kuliko "letra" iliyokubaliwa kwa kudhani ni barua.